Ningempa Hata Baba Yangu

Watu wengi walimjua kwa masikio kabla ya kumwona kwa macho. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai ikiwa jikoni na watoto wakitafuta soksi ya pili, sauti yake ilikuwa imeshaingia nyumba kwa nyumba, ikisoma habari, ikipiga soga, ikicheka kile kicheko chake cha puani. Redioni alijiita Chiriku. Hakujipa jina hilo mwenyewe. Baba yake ndiye aliyempa akiwa na miaka minne, kwa sababu mtoto yule aliamka akiongea na kulala akiongea, na katikati hapo hakuna aliyepata upenyo wa kutia neno.

Baba mwenyewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabika. Kwa miaka arobaini alikaa nyuma ya kioo cha kibanda chake karibu na posta, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, kibano mkononi, akishika skrubu ambazo mtu mwingine angezipuliza akidhani ni vumbi. Mkewe alipofariki, Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Fundi akajifunza kusuka nywele za binti yake kwa vidole vile vile vya kushikia skrubu, na shuleni wasichana wakawa wanamuuliza Chiriku anasukwa saluni gani.

Uzee ulimwanzia vidoleni. Baridi yabisi, daktari alisema. Vifundo vikavimba, vidole vikaanza kupinda upande kama vinasukumwa na upepo. Kwanza alidondosha skrubu, kisha kigurudumu cha saa, na siku moja akadondosha saa nzima ya mteja mbele ya mteja mwenyewe. Siku ile alifunga kibanda mapema na hakukifungua tena. Meza yake ya kazi akaihamishia nyumbani, akaiweka chini ya dirisha la chumba chake na kuifunika kitambaa. Hapo nyumbani aliishi na dada yake, shangazi yake Chiriku, mjane mwenye mdomo usio na breki, ambaye alisema meza ile imekuwa kama mgeni aliyekataa kula na kukataa kuondoka.

Chiriku alikuja kila Jumapili na matunda. Alimkanda baba yake vidole kwa maji ya moto, akimsimulia mambo ya kazini. Baba alisikiliza, akaguna hapa na pale. Hakuwahi kusema anaumwa.

Mwaka huo likaja tangazo la Nyumbuko.

Ilikuwa dawa ya maji, kwenye chupa ya kahawia yenye picha ya majani mawili. Kampuni ilileta karatasi ya maneno: Nyumbuko ni mitishamba tupu, haina kemikali, haina madhara, inaondoa maumivu ya viungo kwa siku saba. Chiriku aliingia kwenye chumba cha kurekodia, akavaa hedifoni, akasoma mara mbili. Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo, kijana aliyefanya naye kazi miaka sita, alikunja uso.

"Pakavu, dada," alisema. "Unasoma kama taarifa ya kukatika umeme. Tia chumvi kidogo."

Chiriku akacheka. Akasoma mara ya tatu, na alipofika mwisho, bila kufikiri, kwa ile sauti ya mtu anayekunong'oneza jambo jikoni, akaongeza: "Mimi ningempa hata baba yangu."

"Hapo!" fundi mitambo akapiga meza. "Hapo sasa tumeuza."

Meneja mauzo wa kampuni akaletewa rekodi. Akaipenda mno. Kuanzia wiki iliyofuata tangazo likawa linarushwa kila siku mara tu baada ya habari za saa moja, na Chiriku, mwenye mambo mia kichwani, hakulifikiria tena. Hakumpa baba yake ile dawa. Haikumjia hata akilini kwamba angeweza kumpa. Yale yalikuwa maneno ya kazi tu.

Baada ya kama mwezi mmoja na nusu, Jumapili moja, alikuta kitambaa kimeondolewa mezani. Baba yake alikuwa ameinama chini ya mwanga wa dirisha, lenzi jichoni, kibano mkononi, na mkono ule hautetemeki.

"Baba!"

"Nyamaza kidogo," alisema, "hii springi ina hasira." Akaibonyeza mahali pake, akaitoa lenzi jichoni, akageuka. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje. Mkononi alikuwa na saa ndogo ya kike yenye mkanda wa ngozi iliyochakaa. "Ya mama yako. Ilisimama mwaka uleule aliofariki. Nilikuwa naiogopa."

Chiriku alilia palepale, mlangoni, na mfuko wa matunda mkononi. Alipouliza vidole vimepona vipi, baba alisema vimeamua tu. Shangazi aliangalia darini. Siku nyingine angejaza chumba kwa maneno, lakini siku hiyo aliangalia darini, na Chiriku kwa furaha hakushtuka.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya raha. Majirani wakaanza kuleta saa zao. Fundi alikula kwa hamu, akanenepa usoni hadi shangazi akamwambia ameumuka kama unga uliotiwa hamira. Alama za zambarau zikaanza kumtoka mikononi kila alipogusa ukingo wa meza. Akawa anakunywa maji mtungi kwa mtungi. "Kazi ina joto," alisema alipoulizwa. Na Chiriku alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anatoka studio alipopigiwa simu na shangazi. Safari hii shangazi hakuwa na maneno zaidi ya matatu. "Njoo hospitali, mama."

Baba alikuwa amelala kitanda cha pembeni, dripu mkononi, uso wa mviringo usio wake. Sukari ilikuwa imepanda hadi akapoteza fahamu akiwa anapiga mswaki. Daktari, mwanamke mfupi aliyeongea akiandika, aliuliza: "Anatumia dawa gani nyumbani?"

"Hakuna," alisema Chiriku.

"Ipo," alisema shangazi.

Akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua taratibu. Chupa ya kahawia, yenye picha ya majani mawili.

Daktari alisoma lebo, akanusa, akaiweka chini. "Wiki hii huyu ni wa nne," alisema. "Mitishamba haimvimbishi mtu uso namna hii. Humu ndani wametia steroidi, dawa kali, na kwenye lebo hawajaiandika. Inaondoa maumivu kweli, lakini inaharibu mengine yote. Na msiseme mnaitupa leo. Mwili wake umeshazoea kubebwa. Tukimwachisha ghafla ataanguka tena. Tutampunguzia kidogo kidogo, nitampa vidonge mwenyewe, kwa miezi."

Chiriku alikuwa ameishika ile chupa. Hakuwahi kuiona kwa karibu. Chini ya majani mawili, kwa herufi za rangi ya machungwa, walikuwa wamechapa: *Ningempa hata baba yangu!*

Alasiri baba alipozinduka vizuri, Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Mzee alifikiri sana. Aliongea polepole, midomo imekauka. "Nilikusikia redioni. Nikasema, Jumapili atakuja nayo. Hukuja nayo. Jumapili ya pili hukuja nayo. Nikasema, mtoto ana mambo mengi, amesahau, nisimtie aibu. Nikamtuma shangazi yako." Akaitazama dripu. "Halafu nilitaka nikushtue na ile saa."

Chiriku akalaza paji la uso kwenye mkono wa baba yake, ule usio na dripu, akakaa hivyo mpaka nesi alipokuja kupima presha na kumwomba asogee.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo na kusema tangazo lile hasomi tena wala halirushwi tena. Mkuu alianza habari za mkataba. Chiriku akaiweka chupa mezani, juu ya mkataba wenyewe. Mchana tangazo likatolewa. Baada ya wiki mbili, maabara ya serikali ikatoa majibu, na dawa ikaondolewa madukani.

Walioumia walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Wakili mmoja mwanamke, mwenye ofisi juu ya duka la viatu, aliwakusanya kumi na mmoja kufungua kesi dhidi ya kampuni. Kulikuwa na dereva wa lori aliyevunjika nyonga kwa kujikwaa tu, na mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyepoteza uoni wa jicho moja kwa sukari. Na fundi saa. Chiriku angekuwa shahidi.

Siku mbili kabla ya kutoa ushahidi, wakili alimwita ofisini. Harufu ya ngozi mpya ilikuwa inapanda kutoka chini.

"Tatizo ni ile sentensi," alisema wakili. "Kampuni inadai haikuahidi kitu, kwamba maneno ya baba ni yako na kwenye chupa walikunukuu tu. Karatasi ya awali imepotea, wao wanasema hawana nakala. Kwa hiyo ni neno lako tu. Sikufundishi la kusema. Nakuambia ukweli wa mambo ulivyo: ukisema ulipewa, hakuna wa kukupinga. Ukisema uliongeza mwenyewe, watakutupia mzigo wote, na wanaweza kuomba uunganishwe kwenye kesi kama mdaiwa."

Chiriku hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwa baba. Alimkuta barazani na blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa kali. Dozi ilikuwa imepunguzwa tena na vidole vilikuwa vimerudia kupinda kwao. Alichuchumaa mbele yake na kuanza kumkanda kama zamani.

"Baba, yale maneno hawakuniandikia," alisema. "Karatasi haikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeyatia. Nilitaka tangazo linoge tu. Sikuwa nawaza dawa, wala sikuwa nakuwaza wewe."

Mzee alimwangalia. Gari la taka lilipita njiani, likapiga honi, likaondoka.

"Sasa unaniambia mimi ili nikupige?"

"Nakuambia kwa sababu nimeshindwa kulala."

"Na huko mahakamani watakuuliza?"

"Watauliza."

"Basi kaseme hivyo hivyo ulivyoniambia," alisema. "Nimekaa na saa maisha yangu yote, mama. Mteja akinificha kwamba iliingia maji, naharibu mashine nzima nikitafuta ugonjwa mwingine."

"Watanichafua jina."

"Watakuchafua. Nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Siku ile shangazi alimvalisha koti la harusi za watu, akamkalisha kwenye benchi la mbele la chumba cha mahakama, kati yake na mwalimu mstaafu. Chumba kilikuwa kidogo, feni moja inazunguka na nyingine imekata tamaa. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, kwa sababu walisikia Chiriku atasema.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na sauti nzuri. Aliwasha rekodi ya tangazo. Sauti ya Chiriku ikajaa chumba, tamu, ya karibu, na ilipofika mwisho alimwona baba yake akiinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akisikia jina lake.

"Shahidi," alisema wakili, "maneno haya ya mwisho, nani aliyaandika?"

"Hakuna aliyeyaandika, mheshimiwa hakimu," alisema Chiriku, akimgeukia hakimu. "Niliyasema mwenyewe. Hayakuwa kwenye karatasi."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Wakili wa kampuni hakutegemea mlango kufunguka kirahisi namna ile, akageuza kurasa zake kabla ya kuendelea.

"Kwa hiyo kampuni haikusema hayo."

"Haikuyaandika."

"Ulikuwa umeijaribu dawa?"

"Hapana."

"Ulimpa baba yako?"

"Hapana. Alijinunulia. Kwa sababu aliniamini." Akanywa maji, glasi ameishika kwa mikono yote miwili. "Nilidanganya, mheshimiwa. Sikujua kama ni sumu, lakini nilisema kitu nisichokijua kana kwamba nakijua. Walio hapa walinisikiliza. Naomba wanisamehe. Asiyetaka, ana haki yake."

Wakili wa kampuni akajinyoosha tai. "Basi, mheshimiwa hakimu, shahidi mwenyewe amekiri..."

"Sijamaliza," alisema Chiriku. "Sikuyaandika mimi kwenye chupa."

Hakimu, mzee mwenye kikohozi, aliinua macho. "Fafanua."

Akaeleza. Kwamba meneja mauzo alipelekewa rekodi kabla haijarushwa; kwamba aliujibu ujumbe wa kituo siku ileile; kwamba fundi mitambo, asiyefuta kitu chochote maishani mwake, alikuwa bado anao. Wakili wa waathirika naye alikuwa anausikia ujumbe huo kwa mara ya kwanza, maana Chiriku mwenyewe alikuwa ameonyeshwa usiku uliotangulia tu. Mchana fundi mitambo akaitwa, akaja ametoka jasho, simu mkononi, na ujumbe ukasomwa mbele ya wote: *Hapo kwa baba msipaguse. Hapo ndipo patauza. Tutapaweka kwenye lebo.* Na chini yake, alipoulizwa na mtu wa kituo kama dawa imepimwa na mamlaka, meneja alikuwa amejibu: *Msijali hayo, nyie semeni tu.*

Wakili wa kampuni akaomba kesi iahirishwe.

Nje, kwenye ngazi, mwalimu mstaafu alimsogelea Chiriku. Alimwangalia kwa jicho lake moja zima, kwa muda mrefu, kama anasahihisha daftari.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufungulia kila asubuhi," alisema. "Nilikasirika sana na wewe. Nilizima redio miezi minne."

"Una haki, mwalimu."

"Najua nina haki, siiombi kwako." Akarekebisha kamba ya miwani. "Leo nitaiwasha. Bado nimekasirika, lakini nitaiwasha."

Hukumu ilichukua miezi saba. Mahakama iliona kwamba kampuni ilificha kilichomo kwenye dawa na kuwahadaa wanunuzi; ikaamriwa kuwagharamia matibabu wote kumi na mmoja na kuwalipa fidia. Meneja mauzo akafunguliwa mashitaka yake mwenyewe. Kituo cha redio nacho, kilichounganishwa kwenye kesi baadaye, hakikuponyoka: kiliamriwa kurusha onyo kwa idadi ileile ya siku ambazo kilirusha tangazo, saa ileile. Kuhusu Chiriku, hakimu aliandika aya moja tu, kwamba alikosa uangalifu, na kwamba bila ukweli wake mahakama isingefika ilipofika. Aliisoma aya hiyo mara nyingi sana. Hakujua kama aione aibu au aishukuru, na mwishowe akaikunja na kuitia kwenye droo.

Mkuu wa kituo alitaka onyo lisomwe na mtu mwingine. Chiriku alikataa. Kila asubuhi, baada ya habari za saa moja, alilisoma mwenyewe, taratibu, bila muziki nyuma: jina la dawa, kilichokuwamo ndani, dalili za kuangalia, kwamba anayeitumia asiiache ghafla bali amwone daktari. Siku za mwanzo watu walipiga simu kumtukana. Alipokea. Baadaye wakaanza kupiga kuuliza: bibi yangu ana uso umevimba, je. Mama mmoja alileta kikapu kizima cha chupa mpaka mapokezi, akakiacha na kuondoka bila kutaja jina. Matangazo ya dawa Chiriku hakusoma tena, ya aina yoyote, na mshahara wake ukakonda kwa hilo.

Fundi hakupona akarudi kama alivyokuwa katika ile miezi mitatu. Uso wake ulirudi, mwembamba, ule waliouzoea. Sukari ikatulia kwa vidonge. Lakini vidole vilikataa. Zana zake akampa fundi mwingine wa mjini, na siku ya kuzikabidhi Chiriku alimwogopea, akaomba ruhusa kazini aje akae naye. Alimkuta anapiga mswaki na kuimba.

"Baba, una huzuni?"

"Ninayo," alisema, akatema povu. "Lakini leo nina mgeni. Niletee lile shati la mistari."

Mgeni alikuwa mwalimu mstaafu. Ilionekana hakuwa mgeni sana, maana alijua kiti chake na alijua kikombe chake. Shangazi alimvuta Chiriku jikoni, macho yanametameta, akamweleza kwamba huyu mama huja kila Alhamisi tangu siku za mahakama, kwamba kaka yake siku hizo ananyoa ndevu mara mbili, na kwamba yeye shangazi amekaa kimya mwezi mzima, jambo ambalo limemletea kiungulia.

Kwenye baraza walikuwa wamepanga drafti, ubao kwenye kiti kati yao, vizibo vya soda vikiwa ndio kete. Fundi vidole havikunjiki, mwalimu upande mmoja haoni, kwa hiyo kete hawainui, wanazisukuma tu. Chiriku akaketi kwenye ngazi kuwatazama. Baba yake alisukuma kizibo, akakipitisha nyumba mbili badala ya moja, upande wa jicho bovu, akatazama mbali kama anaangalia hali ya hewa.

"Fundi," alisema mwalimu bila kuinua kichwa, "rudisha."

Akarudisha. Shangazi kule jikoni akaangua kicheko, na mzee naye akacheka, mabega yakimtikisika, hadi ikabidi ajifute macho kwa mkono wa shati la mistari.